Picha za safari zina mgongo, tusiuache dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo moja kuhusu picha za zamani, zile za mkanda, ambazo familia nyingi za huku Mtwara na Lindi zimeanza kuzitoa masandukuni na kuzipeleka madukani zikaskaniwe na kuwekwa kwenye kompyuta. Ni kazi njema, na hata mimi nimeifanya. Lakini niliifanya vibaya kwanza ndipo nikajifunza, na kwa kuwa naona wenzangu wanaifuata njia ileile niliyopita, nimeona heri niandike mapema kabla masanduku hayajaisha.

Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa hesabu za vyama vya ushirika. Kazi hiyo ilimzungusha Kusini yote, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Liwale na Kilwa, na mara mbili au tatu kwa mwaka ilimlazimu kwenda Dar es Salaam. Popote alipokwenda alibeba kamera yake aina ya Zenit, nzito kama tofali, ambayo aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1973 na akaendelea kuitumia hata wenzake walipokuwa na kamera nyepesi za kubonyeza tu. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka safari ya Dar es Salaam ya miaka ile. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikishika barabara ilikuwa haipitiki, ikabidi watu wasubiri meli au wazunguke kwa Masasi, Tunduru na Songea. Picha nyingi za mume wangu ni za njia hiyo: lori limezama hadi ekseli karibu na Somanga, abiria wamekaa juu ya magunia wakila mihogo, kondakta amelala chini ya basi kana kwamba yuko kwake. Harusi na sikukuu alizipiga pia, lakini kwa kuombwa.

Alikuwa na tabia moja ambayo wakati ule niliiona ya usumbufu. Kila picha ilipotoka kusafishwa, aliigeuza na kuandika nyuma yake kwa penseli laini: mahali, mwezi akiukumbuka, majina ya watu aliowajua, na kwa asiowajua aliandika namna walivyokutana. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino hutokeza upande wa mbele au huacha mfereji kwenye karatasi, na wino wake ukipata unyevunyevu hutambaa hadi kwenye picha inayofuata. Alipofariki alituachia albamu tatu na kopo la biskuti lililojaa vipande vya mkanda, yaani negativu, kila mkanda umefungwa kwenye karatasi yake.

Basi, mjukuu wangu alinishauri tuzipeleke albamu zile kwa vijana wenye duka la kazi hizo mjini, tukazipeleka pamoja na kopo. Baada ya siku nne tukakabidhiwa flashi moja yenye picha 412, zote zimeandikwa herufi na namba tu, na picha zenyewe zikiwa zimebanduliwa kutoka kwenye albamu na kutupiwa ndani ya mfuko wa plastiki, za mwaka huu juu ya za mwaka ule. Nilipouliza mbona hakuna picha hata moja ya upande wa nyuma, kijana akanijibu kwa adabu kabisa, "Bibi, nyuma si ni karatasi tu?" Nikauliza kopo liko wapi. Akainama chini ya meza, akalitoa ndani ya boksi la takataka, akalipangusa kwa kiganja. Aliniambia kwamba siku hizi zile hazina kazi tena, kwa kuwa picha zimeshaingia kwenye mashine.

Simlaumu sana kijana yule, maana kazi niliyomwagiza aliifanya: nilimwambia aniwekee picha kwenye kompyuta, akaniwekea. Kosa ni langu mimi niliyedhani kwamba picha ni ule uso wake peke yake. Niliporudi nyumbani Ligula nilikaa karibu miezi miwili nikipanga upya kwa mikono kile kilichokuwa kimepangwa tayari, nikigeuza kila picha, nikisoma penseli, na pale ambapo penseli haikusema kitu nilihangaika na lile kopo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mume wangu hakuwahi kulitupa.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu bila mfano maneno haya yataonekana ni ya mzee anayependa vitu vyake tu. Kuna picha ya pantoni ya Ndundu ambayo imezua ubishi katika familia yetu kwa miaka. Ndani yake yupo shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amesimama ameshika mlango wa Land Rover. Nyuma yake pameandikwa mahali na majina, lakini mwaka haupo. Shemeji akashikilia kwamba ni mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera. Mimi nikasema ni baadaye, kwa kuwa shati alilovaa nilimshonea mimi, na cherehani niliipata baada ya vita. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Sasa, pembezoni mwa mkanda wa picha huwa kumechapwa namba tangu kiwandani, moja hadi thelathini na sita, na namba hizo hubaki hata mkanda ukikatwa vipande vya picha sita sita. Nilipokishika kipande chenye pantoni nikakiweka kwenye mwanga wa dirisha, nikaona pantoni iko kwenye namba 29 na 30. Kipande chenyewe kilianzia namba 25. Nikatafuta kilichokuwa kabla yake, cha 19 hadi 24, nikakipata katika karatasi ileile. Na ili nisijidanganye nikavikutanisha mahali vilipokatwa. Mkasi ulikuwa umepita mshazari kidogo, ncha ya kipande kimoja ikaingia kwenye mwenzake sawasawa, kama kigae kilichovunjika. Namba 19 ilikuwa bendera nusu mlingoti mbele ya ofisi moja mjini Lindi, na picha yake ya karatasi imeandikwa nyuma: "Msiba wa Sokoine." Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Namba 22 hadi 24 ni meli katika bandari ya Mtwara, jambo linaloeleweka kwa kuwa ilikuwa masika na barabara imefunga. Pantoni inakuja baada ya hapo, maji ya mto yakiwa yameshuka, na ukingo wa tope umeanza kukauka na kupasuka. Kwa hiyo ni baada ya masika ya 1984, siyo 1979. Nilimpigia simu shemeji, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, umeshinda, lakini shati lile lilinibana."

Kama boksi la takataka lingemwagwa asubuhi ile, tungekuwa na picha nzuri ya pantoni, angavu kabisa, isiyojulikana ni ya lini. Miaka ile ya themanini bidhaa ziliadimika, na mkanda mmoja ukipatikana ulikaa ndani ya kamera miezi kadhaa. Kwa hiyo utaratibu wa picha ndani ya mkanda ni kama shajara ambayo mwenyewe hakujua kwamba anaiandika. Ukizichanganya picha, umezichana kurasa za shajara hiyo.

Watu wa Lindi wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, na mamia ya wazee wetu walifanya kazi ya kuchimba na kuibeba mifupa hiyo mabegani na vichwani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mifupa mikubwa kuliko yote iliunganishwa, na tangu mwaka 1937 mnyama huyo amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kikipita mita 13. Picha za kazi ile zipo pia, na zimetunzwa. Ndani yake kuna wanaume wamesimama shimoni wakiwa na majembe, na kuna misururu ya wapagazi. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, tunamjua kwa jina kwa sababu jina lake liliandikwa. Lakini wengi waliosimama kando yake hawana majina, na inawezekana leo kijana wa Lindi anapita kwenye simu yake mbele ya uso wa babu wa babu yake asijue. Wageni wale walikuwa na kamera bora, wakaandika vizuri urefu wa kila mfupa. Sisi tulio na picha zetu wenyewe, na wazee walio hai wa kuzieleza, tutajitetea vipi?

Pia ziko picha ambazo thamani yake imetoka nje ya familia bila familia kujua. Mwaka 1978 mume wangu alivuka kwenda Kilwa Kisiwani, miaka mitatu kabla magofu ya pale na ya Songo Mnara hayajaingizwa katika Urithi wa Dunia, akapiga picha ukuta wa ngome kongwe iitwayo Gereza. Nyuma aliandika: "Nimesimama upande wa bahari, maji yamekupwa." Mwaka 2004 magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mtu anayetaka kujua mawimbi yamekula kiasi gani cha ufukwe ule anaweza kuitumia picha hiyo, lakini ni kwa sababu tu anajua mpigaji alisimama wapi, mwaka gani, na maji yalikuwa yamekupwa au yamejaa. Bila mstari ule wa penseli ni picha ya ukuta.

Sasa niseme nilivyofanya mara ya pili, maana kulalamika peke yake hakumsaidii mtu. Albamu zetu mbili ni zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu, zilizopendwa sana miaka ya themanini, na nasikitika kusema hakuna kitu kilichoziharibu picha za watu kuliko hizo. Gundi yake hugeuka rangi ya chai na kuila karatasi. Kabla ya kubandua chochote, piga picha ukurasa mzima kwa simu, ili mpangilio ubaki. Picha isiyotaka kubanduka usiivute kwa kucha. Mimi nilipitisha uzi mwembamba wa nailoni, ule wa mshipi wa kuvulia, nikaukokota polepole nyuma ya picha kama mtu anayekata sabuni. Kuna mbili zilikataa kabisa, nikaziacha zilipo.

Kisha kila picha niliiskani mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna mwandiko, kwa sababu wakati mwingine kuna muhuri wa studio au jina la kiwanda cha karatasi ambalo litamsaidia mjuzi kukadiria miaka. Kwa picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 nilimwomba mwenye mashine aiweke kwenye nukta 600 kwa inchi na asiguse rangi. Hili la rangi nalisisitiza. Picha nyingi za rangi za miaka ya sabini zimekuwa nyekundu kwa sababu rangi ya samawati-kijani ndani ya karatasi zile hupotea mapema, hata zikiwa gizani, ilhali zile za nyeusi na nyeupe zilizosafishwa vizuri zinadumu kutuzidi sisi. Vijana wa mara ya kwanza waliamua kunisaidia, wakazing'arisha zote, na mbingu ya Mikindani ikapata ubuluu ambao mimi niliyeishi huko sijawahi kuuona. Anayetaka kurembesha arembeshe nakala, na ile ya kwanza ibaki ilivyo.

Jihadharini pia na tarehe. Simu na kompyuta huiandikia picha siku iliponakiliwa, hivyo ukiziacha zenyewe zitapangwa kana kwamba lori la Somanga lilikwama mwaka jana. Jina la faili lianze na mwaka wenyewe, na kama mwaka ni wa kukadiria, useme hivyo. Na mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa. Nakala moja haitoshi kwa picha yoyote: flashi hufa bila kuugua. Mimi ninazo tatu, na moja iko kwa binti yangu Dodoma, mbali na bahari.

Bahari nimeitaja makusudi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu unaoleta ukungu, ile madoa kama vumbi la ulezi ambalo halifutiki, na picha zilizobanana huku zimelowa hushikana zisiachane. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam ikakatika kwa mafuriko, jirani yangu alipoteza albamu nzima iliyokuwa sakafuni. Picha zikilowa zisiachwe zikauke zikiwa zimelaliana. Zitenganishwe zingali mbichi, zisuuzwe kwa maji safi, zilazwe kivulini zikitazama juu. Zilizo kavu zikae juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na mbali na joto la bati.

Naomba nitahadharishe jambo jingine ambalo mashine haitawaambia. Katika albamu za Kusini hazikosekani picha za jando na unyago. Baadhi ni za sherehe ya mwisho, watoto wamepakwa mafuta na kuvishwa nguo mpya, na hizo hazina tatizo. Nyingine hazikupigwa ili zionwe na kila mtu, na wazee waliomruhusu mpiga picha walimruhusu yeye, siyo dunia. Mimi nilizikuta tano. Nilikwenda kwa somo mmoja, yaani mwalimu wa unyago, mwenye umri mkubwa, nikamwonyesha, akazichambua kimyakimya na kunirudishia mbili. Tatu zimo kwenye bahasha, zimeandikwa, na haziko kwenye flashi ya mtu yeyote. Vijana wanaorusha mitandaoni kila kinachotoka sandukuni wangefanya vyema kuuliza kwanza.

Kuhusu nani atazitunza picha hizi baada yetu, nadhani tusijidanganye. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, na sheria yake, Na. 3 ya 2002, msingi wake ni nyaraka za umma. Albamu ya karani wa Nachingwea au ya dereva wa Masasi haimo katika wajibu wa mtu yeyote ila wenyewe. Lakini maofisa utamaduni wa wilaya wapo, maktaba zipo, na sidhani kama ni gharama kubwa kuweka mahali pamoja nakala za picha za njia ya Kusini, za pantoni, za meli, hata za ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza iliyotoka bandarini Mtwara kwenda Nachingwea na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kinachokimbia zaidi ya karatasi ni wazee. Nimegundua kuwa mzee akiulizwa "hii ni lini?" hukwama, ila akiulizwa "hapa mlikuwa mnasubiri nini?" atazungumza saa nzima, na simu ikiwekwa mezani inarekodi majina yote bila yeye kuchoka. Nimefanya hivyo na wazee wanne. Mmoja wao ameshatangulia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Utenge pembe ya ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, ambapo msomaji ataleta picha moja ya safari ya zamani pamoja na maandishi ya nyuma yake, na wasomaji wengine waseme wanachokijua. Nianze mimi. Pamoja na barua hii nimeweka picha ya namba 31 katika mkanda uleule wa 1984. Inamwonyesha mwanamume mwenye baiskeli iliyofungwa tenga, amesimama kwenye ukingo wa mto akicheka, jino moja la mbele halipo. Nyuma yake mume wangu aliandika: "Ndundu. Yule bwana wa Nyamwage aliyetupa mihogo, akakataa pesa." Jina hakuuliza, na ndiyo picha pekee ambayo najua lilimkera kutouliza. Kama kuna mtu wa Nyamwage au Ikwiriri anayemtambua, au anayewatambua watoto wake, nitashukuru kupata habari kupitia ofisi yako.

Niliyokuletea ni nakala, mbele na nyuma. Picha yenyewe haitoki tena nyumbani.

Mwalimu mstaafu,
Ligula, Mtwara